Nyumba Moja Juu ya Mwamba

Sikilizeni, na msiwe na haraka ya kujibu.

Katika kijiji cha Lwangwale, chini ya milima ya Rungwe, waliishi watu watatu. Gwakisa, mchimba visima, aliijua ardhi kwa ndani kama anavyojua kiganja chake. Tusekile, mfinyanzi, aliona mambo madogo ambayo wengine waliyapita. Na Subilaga, mjane, alikuwa na mwamba.

Mwamba ule haukuotesha hata muhogo. Subilaga alibaki juu yake peke yake kwa sababu kaburi la mumewe lilikuwa pale, na kila jioni alimsimulia mambo ya siku. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Kijiji kilipotaka kujenga shule, wazee walichagua bondeni, penye tambarare. Tusekile akasimama kupinga.

"Tetemeko la mwezi uliopita lilinivunjia vyungu vyote huku bondeni. Nilipompelekea Mama Subilaga mtungi wake, nilikuta vikombe vyake vimekaa vilevile mezani. Tetemeko lile lile!"

Watu wakacheka. Gwakisa hakucheka.

"Bondeni nimechimba futi arobaini sijagonga jiwe," alisema. "Ni tope na mchanga uliojaa maji. Ardhi ikitikiswa, tope hucheza kama uji kwenye bakuli. Mwamba hutikisika kidogo tu."

Akawashusha wazee kisimani kwa kamba, mmoja mmoja, wakalishika lile tope kwa mikono yao.

Basi macho yote yakageukia mwamba. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kutosha shule: pale iliposimama nyumba ya Subilaga. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Siku ya tatu wakamkuta anang'oa mabati mwenyewe.

"Kaburi liacheni," alisema. "Mengine chukueni."

Akahamia bondeni, chumba cha kupanga, katikati ya watu. Huko ndiko alikoujua upweke. Majirani walimwamkia, wakapita. Kupanda mwambani hadi kaburini, magoti yalikataa. Maneno ya jioni yakakosa wa kuyasikia.

Mwaka wa pili, saa nne asubuhi, ardhi ikanguruma. Subilaga alikuwa shambani kwenye mpunga. Alitupwa chini, akaona nyumba za bondeni zikilala moja baada ya nyingine. Shule ilipata ufa mmoja. Watoto mia mbili wakatoka wakilia, lakini wakitembea.

Wale watatu walipoteza makao. Gwakisa alivunjika mguu, hatachimba tena. Tusekile alibaki na watoto wanne na turubai. Kijiji kilitaka kuwashukuru wote watatu kwa kuwaokoa watoto, lakini nguvu zake zikatosha kujenga nyumba moja tu, kando ya shule.

"Bila Tusekile, nani angeona?" akasema mzee mmoja.

"Na bila Gwakisa, nani angeamini?" akadakia wa pili.

"Na bila mwamba wa Subilaga, shule ingekaa hewani?" akauliza wa tatu.

Wakamuuliza Subilaga anataka nini.

"Wapeni wenye watoto," alijibu taratibu. "Mimi ni mmoja tu."

Wazee wamekaa wakibishana hadi leo, na mlango wa nyumba ile umefungwa. Haya, nyinyi mlionisikiliza: ufunguo mngemkabidhi nani?