Medali Moja ya Raya

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wengi waliomwona wangali hai, Unguja alikuwapo mcheza judo akiitwa Raya. Alikwenda Tunis, akabwagwa. Akaenda Dakar, akabwagwa. Akaenda Port Louis, akabwagwa mara mbili kwa siku moja, akarudi anacheka na jicho limevimba. Alipotimiza miaka thelathini na mbili akasema, "Naenda Antananarivo, kisha basi." Akarudi na medali ya shaba. Ya kwanza, na ya mwisho.

Raya alikuwa ameapa: medali haikai kwake, ataivaa aliyemfikisha kwenye ushindi. Na uwanja wa ndege walikuja kumpokea watu watatu.

Wa kwanza mama yake, Bi Mwanamize. Raya alipoanza judo, wajomba walikuja juu: "Mtoto wa kike kugaragara mbele za watu!" Mama hakubishana nao. Kila alasiri alichukua ukili wake, akakaa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, akasuka. Miaka minne. Aliyetaka kumtoa Raya ilimpasa ampite yeye. Hakupita mtu.

Wa pili Mwalimu Jecha. Mwaka mzima hakumfundisha kuangusha. Alimfundisha kuanguka tu, mpaka Raya akalia kwa hasira. Lakini kule Antananarivo, mpinzani alipomnyanyua juu na watu wakaanza kushangilia, Raya alijipindua hewani kama paka, akatua kwa tumbo, maana kwenye judo anayetupwa chali ndiye aliyeshindwa. Pambano likaendelea.

Wa tatu Nunuu, shoga yake, wa uzito uleule. Nafasi ya safari ilikuwa moja, na kwenye mchujo Nunuu alimshinda Raya waziwazi. Kesho yake akamfunulia Mwalimu goti lake, limevimba kama papai. "Nimelificha mwezi mzima," akasema. "Mpelekeni Raya." Kisha, wiki tatu, akichechemea, akamfundisha Raya mtupo wake wa kushoto, ambao hakuwahi kumfundisha mtu. Ndio uliomlaza mpinzani chali.

Basi pale uwanjani Raya akatoa medali, akawaambia kiapo chake.

Bi Mwanamize akasema, "Mwanangu, mimi judo siijui hata leo. Lakini bila mimi usingeuvuka ule mlango."

Mwalimu Jecha akasema, "Bi Mwanamize, mlango uliulinda, nakushukuru. Lakini angeingia ndani akamkuta nani? Na asingejua kuanguka, angekuwa amekwisha pale alipobebwa juu."

Nunuu alikuwa kaegemea mkongojo. Raya akamwuliza, "Na wewe, shoga yangu?"

"Mimi ningeweza kunyamaza," akasema Nunuu. "Ningepanda ndege na goti langu, nikapigana pambano moja, nikarudi nimeshaiona Antananarivo. Nilitamani sana kuiona, Raya."

Raya akamkumbatia. Akamkumbatia mama yake. Akambusu Mwalimu mkono. Machozi yanamtoka, kicheko kinamtoka. Kisha akaupanua utepe wa medali kwa mikono miwili, na vichwa vyote vitatu vikainama kwa pamoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza: utepe ni mmoja, shingo ni tatu. Mngemvika nani?