Pelele na Rangi ya Chumba cha Mkwe

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakijenga nyumba, wakiozeshana watoto na kuoneana haya kama sisi, alikuwepo Kifaru na mkewe. Sogeeni karibu. Na wewe unayekula karanga, tafuna polepole, maana hadithi hii inachanganya. Hata mimi ninayeisimulia hufika katikati nikashika kichwa.

Kifaru huyo alikuwa na nyumba kubwa ya udongo, na ndani yake chumba kimoja kisicho na mtu. Masika yalipobomoa mawe aliyokaa Pelele, Pelele alikuja mlangoni na watoto wake wawili, wameloa chapachapa. Mnamjua Pelele? Mnyama mdogo wa majabalini, ukimwona unadhani ni sungura aliyekatwa masikio.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," akasema Kifaru. Siku hiyo alikuwa ameshiba. "Kaa chumba kile, Bi Pelele, mpaka wanao wajue kupanda mawe."

Pelele akashukuru, akatandika majani makavu, watoto wakalala.

Haukupita muda zikaja habari. Binti yake Kifaru, aitwaye Sikudhani, alikuwa ameolewa na kijana wa Nyati. Sasa Mzee Nyati mwenyewe, mkwe mtu, anakuja kulala kwao kwa mara ya kwanza. Mkwe, jamani! Mnajua mambo ya mkwe. Nyumba hufagiliwa mpaka uvunguni, na hata kuku hukatazwa kupiga kelele.

"Mkwe atalala wapi?" akauliza Bi Kifaru.

"Chumba kile. Tunamtoa Pelele, tunapaka rangi."

"Lakini Baba Sikudhani, si ulimwambia akae?"

"Nilimwambia akae. Sikumwambia azeekee humo!"

Pelele aliyasikia yote. Mvua ilikuwa bado inamwagika, na kule kwenye mawe Chui alikuwa akipita kila jioni akinusanusa. Watoto wake hawajui kupanda, hawajui hata kukimbia. Aliogopa, wanangu, aliogopa mpaka masharubu yakamtetemeka. Kisha akajifuta uso, akatoka.

"Shikamooni. Nimesikia mna kazi ya rangi. Niacheni nipake mimi, iwe shukrani yangu. Ila naomba jambo moja tu: nisitoke mpaka nyote wawili mseme rangi mmeipenda."

"Hilo tu?" Kifaru akacheka, hfuu! hfuu! "Kesho jioni utakuwa umeshatoka."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kifaru haoni mbali, na hata karibu anababaisha, lakini ukimwambia hivyo anakukimbiza. Na mkewe alikuwa amejigamba kwa majirani wote kwamba mambo ya rangi ndiyo yake, hakuna wa kumfundisha. Kumbe hajawahi kushika brashi tangu azaliwe! Pelele aliyajua yote mawili.

Asubuhi Kifaru akasema, "Nataka chumba cheupe. Cheupe pepepe!"

Pelele akakoroga chokaa kwenye ndoo, akashika brashi ya katani. Swaa! Swaa! Swaa! Kifaru akaja kuangalia kabla ya kwenda malishoni. Na ninyi mliowahi kuona chokaa ikipakwa mnajua: ikiwa mbichi ni kama maji ya kuoshea mchele, mpaka ikauke ndipo ing'ae.

"Aa! Nini hiki?" Kifaru akasogeza pua ukutani. "Hii ni rangi ya majivu!"

"Ni chokaa ileile uliyoitaka, bwana."

"Unataka kusema sioni?"

"Mimi? Mdogo kama mimi nitasemaje hivyo?"

Kifaru akaondoka akikoroma kwa hasira. Pelele akawasha moto wa kuni katikati ya chumba. Mchana ukuta ukakauka, ukang'aa mpaka ukaumiza macho. Bi Kifaru akarudi kutoka kugaagaa matopeni, akachungulia.

"Mama yangu! Mbona cheupe hivi? Mkwe atadhani amelala ndani ya yai! Nataka nyekundu. Ile nyekundu iliyokolea ya udongo wa mtoni."

"Sawa, mama."

Jioni mume na mke wakakutana kwenye chakula.

"Ukuta ule wa kijivu sitaki kuuona," akasema Kifaru.

"Kijivu? Ukuta ni mweupe!"

"Mama Sikudhani, mimi nimeugusa kwa pua!"

"Na mimi nimeuona kwa macho!"

Wakainamia chakula. Kila mmoja akawaza, labda mimi ndiye nimekosea, lakini nani aseme? Kifaru akaogopa mkewe asije akajua habari za macho yake. Mkewe akaogopa mumewe asije akajua kwamba yeye hajui rangi. Wakamaliza kula kwa aibu.

Kesho yake Pelele akawaambia, "Rangi mpya haishiki juu ya rangi ya jana. Kwanza nikandike udongo, ndipo nipake."

"Ndiyo, ndiyo, hata mimi najua hivyo," akadakia Bi Kifaru, aliyekuwa hajui hivyo hata kidogo.

Pelele akakandika udongo mzito, pwa! pwa! pwa! Ukuta wa kulia, wa kushoto, na kando za mlango pia. Akapaka juu yake ule udongo mwekundu wa mtoni. Ulikuwa mbichi, umekolea kabisa.

"Ehee!" Bi Kifaru akapiga kwato chini. "Hiyo ndiyo nyekundu niliyoisema! Nimeipenda!"

"Naona giza tupu," akanung'unika Kifaru. "Lakini nitaizoea."

Hapo Pelele moyo ulimdunda. Bwana amekaribia kukubali! Mtoto mmoja akapiga chafya pale kwenye majani, chi! Pelele akasema haraka, "Msiseme sasa hivi. Nendeni kwanza, mkirudi mtasema kwa uhakika."

Wakaenda. Pelele akawasha moto. Waliporudi, ile nyekundu ilikuwa imekauka, imepauka, imebaki rangi ya chai yenye maziwa mengi.

"Ni nani ameifua nyekundu yangu?" Bi Kifaru akapiga ukelele.

"Ipi?" Kifaru akauliza. "Mbona mimi naona kama... kama..." Akasita. "Wewe unaona nini?"

"Wewe kwanza."

"Aa, wewe ndiye mjuzi."

"Bi Pelele!" wakaita pamoja. "Hii ni rangi gani?"

"Ni ileile ya asubuhi, wakubwa wangu." Na hakusema uongo.

Basi ikawa hivyo, wanangu. Leo mume anataka manjano, mke anataka samawati. Kesho mke anataka manjano, mume anasema samawati ilikuwa wazo lake. Asubuhi wanaipenda, mchana wanaikana. Walifika mahali hawajui nani alitaka nini, na mimi mwenyewe hapa nimepoteza hesabu. Na kila rangi moja, Pelele anatanguliza udongo: pwa! pwa! pwa!

Siku moja Kifaru akitoka chumbani alikwaruza mbavu mlangoni, krrr!

"Umenenepa, Baba Sikudhani," mkewe akasema.

"Mimi? Wewe jana ulibanwa hapahapa, nikakusukuma kwa nyuma!"

"Nilikuwa nimevuta pumzi!"

Usiku ule wote wawili hawakula. Kifaru alijitazama tumbo. Mkewe akajitazama tumbo. Hakuna aliyetazama ukuta.

Siku ya mkwe ikafika, na rangi bado haijakubaliwa. Mzee Nyati huyo, anatembea taratibu, pembe zimepakwa mafuta.

"Hodi hapa!"

"Karibu mkwe! Karibu sana! Pita ndani!" Kifaru akababaika, mara avute mkeka, mara ausukume. "Chumba kipo... ngoja nikufungulie chumba..."

Akatangulia mbio. Akaingiza kichwa, akaingiza shingo, na hapo, kwaaa! Akanasa. Pembe ndani, makalio nje.

"Mama Sikudhani!" sauti ikatokea ndani ya ukuta. "Nyumba imenywea!"

Bi Kifaru akashika mkia, akavuta. Wapi! Mzee Nyati akainama, akachungulia juu ya bega la mkwe wake. Akaona chumba kidogo, kidogo mno, hata ndama wake asingeweza kugeuka humo. Kuta nene, moto mdogo katikati, na watoto wawili wa Pelele wamelala wamekumbatiana.

"Mkwe," akauliza kwa upole, "chumba hiki ni cha nani?"

Lo! Kifaru jasho lilimtoka. Amwambie nini mkwe? Kwamba hajui ukuta wa nyumba yake mwenyewe una rangi gani? Kwamba hajui ulianza lini kumsogelea? Mbele ya mkwe!

Pelele alikuwa amesimama mbele ya pua yake. Akanong'ona, "Sema ni changu, bwana. Sema ulinijengea. Mimi sitasema lolote."

Kifaru akapaza sauti humo ndani.

"Ni cha Bi Pelele, mkwe. Mvua ilimvunjia kwake. Tukampunguzia chumba makusudi, tukakaza kuta, watoto wasipigwe na baridi."

Mzee Nyati macho yakamlowa. "Kumbe! Na mimi nilidhani kijana wangu ameoa kwa watu wakali! Mkwe, habari hii nitaisimulia kila nyumba nitakayopita. Na kila nikija nitapita kumjulia hali huyu mama."

Ikawa imekwisha. Neno lililosemwa mbele ya mkwe nani atalirudisha? Wakamvuta Kifaru, mkwe anashika mkia, mke anashika mguu, pwaa! akatoka, amepakwa rangi zote mgongoni.

Jioni ile Mzee Nyati alipewa kitanda cha wenye nyumba. Kifaru na mkewe wakajibanza jikoni kati ya vyungu. Pelele akawabusu wanawe, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze akalala bila kusikiliza nyayo za Chui.

Jikoni, Kifaru akageuka upande.

"Mama Sikudhani."

"Abee."

"Hivi ukuta ule ni rangi gani?"

Bi Kifaru akasogeza chungu kando. "Sijui, Baba Sikudhani."

"Hata mimi sijui."

Wakatazamana. Neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo, na lau wangelisema jioni ya kwanza, chumba kingekuwa chao.

Anayeona haya kusema "hapa sielewi" hupoteza hata chumba cha nyumba yake mwenyewe.