Fisi na Majina ya Utovu wa Adabu

Kisa hiki nilihadithiwa, na chumvi niliyoongeza ni ya kuonja tu. Mwaka mmoja mvua iligoma, mito yote ya nyika ikakauka, kikabaki kisima kimoja. Wanyama wakaanza kukanyagana. Simba, mfalme apendaye heshima kuliko nyama, akatoa amri: asiye na adabu asinywe. Akamweka Fisi kuwa mlinzi, kwa kuwa Fisi ndiye aliyempigia magoti kwa muda mrefu kuliko wote. Fisi naye akaongeza lake: fungu la maji la atakayefukuzwa ni la mlinzi.

Paa alikuja na mtoto wake aliyekauka midomo. Kwa kiu akasahau kubisha, akaingia.

"Huo ni ufidhuli," alisema Fisi. "Kuingia bila hodi. Rudi kesho."

Kesho yake Paa alipiga hodi, Fisi akamfukuza vilevile.

"Nimepiga hodi, mzee. Kosa langu nini?"

"Ujeuri. Unajibizana na wakubwa."

Siku iliyofuata Paa alipiga hodi, akainamisha kichwa, akanyamaza.

"Kiburi hicho, mwanangu," alisema Fisi kwa masikitiko. "Unanuna mbele ya mzee." Akanywa fungu la Paa, kisha la mtoto, akajilamba.

Mtoto sasa hakuweza kusimama. Paa akamwendea Sungura akilia.

"Kaka, mwanangu anakufa, na mimi sijui tena adabu ni ipi."

"Adabu unayo," alisema Sungura. "Mwenzio ana majina tu."

Akaenda kwa Simba, ambaye maji alipelekewa pangoni na kisima alikuwa hajakiona tangu kiangazi kianze.

"Mfalme, njoo ujionee adabu ilivyoshamiri kisimani. Usitume mjumbe wala usibishe hodi. Nani hupiga hodi kwake mwenyewe?"

Simba akapendezwa. Akatangulia, Sungura na Paa wakamfuata, mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake.

Fisi alikuwa ameinamia maji, masikio yamejaa maji, njia kaipa mgongo, anamalizia fungu la Pundamilia. Siku hizo hakuhangaika hata kugeuka. Akihisi kishindo, alitoa jina.

"Ufidhuli," alisema. "Bila hodi. Toka."

"Unamwambia nani?" aliuliza Simba.

"Na ujeuri. Unajibizana."

Simba akapigwa na butwaa, akakosa la kusema.

"Na sasa kiburi. Unanuna. Fungu lako nimeshalinywa, nenda zako."

Ndipo akageuka. Maji yakamtoka puani.

"Mfalme, nisamehe, sikujua kwamba ni wewe."

"Sungura," alisema Simba kwa upole wa kutisha, "anachofanya huyu kinaitwaje?"

"Kwa maneno yake mwenyewe, mfalme, anajibizana. Ujeuri."

Fisi akafunga mdomo.

"Na hiki?"

"Ananuna. Kiburi."

Simba akapiga hatua moja mbele. Fisi akatimua mbio hata bila kuaga.

"Ufidhuli," alisema Paa, ambaye hakuwa amecheka tangu kiangazi kianze.

Simba alimkimbiza Fisi mpaka nyuma ya vilima, na mtoto wa Paa akanywa hadi akasimama mwenyewe. Tangu hapo wanyama wa nyika wakisikia mtu anaitwa fidhuli, jeuri au mwenye kiburi, hawamtazami kwanza aliyeitwa. Humtazama anayeita, waone kama mdomo wake umelowa.