Mkono wa Kibibi

Kulikuwa na wakati ambapo maneno ya watu hayakuwa na vipimo. Mtu akifungua kinywa, usemi ulimtoka kwa mkumbo mmoja, kama maji ya mtungi uliopinduka, na hakuna aliyejua mwenzake angenyamaza wapi. Kwa hiyo hawakuimba pamoja. Waliofanya kazi wawili wawili walitegemea macho tu.

Mwanajaha na mdogo wake Kibibi walitwanga mpunga hivyo hivyo. Mwanajaha alishika mchi. Kibibi alikaa chini kando ya kinu, na kila mchi ulipopanda alitia mkono kugeuza mpunga, akautoa kabla mchi haujashuka. Mwanajaha alipenda kupiga soga akitwanga.

"Dada, hutui?" Kibibi alimuuliza siku moja. "Nikikungoja unyamaze, leo tutakula chenga tupu."

"Tia mkono, mvivu wewe. Macho huna?"

Kibibi akacheka. Kicheko kikamfumba macho, naye akatia mkono. Mchi ulikuwa unashuka.

Mkono ule ulioza. Siku ya saba walimzika mwenyewe, na Mwanajaha akauweka mchi darini. Kwa miezi mitatu alikula kwa majirani, akilisikia swali lake mwenyewe katika kila tonge: Macho huna? Majirani walipochoka, aliushusha mchi, akamkalisha binti yake Mboni pale pale alipokaa Kibibi. Hakuwa na mwingine.

"Mama, nitajuaje wakati wa kutia mkono?"

Mwanajaha aliinua mchi, na badala ya soga likamtoka jina la marehemu, vipande vipande, kila kipande na pigo lake: Ki. Bi. Bi. Mwa. Na. Wa. Ma. Ma. Mapigo manane. Akakwama hapo, mchi juu. Katika kimya hicho Mboni akatia mkono, akageuza, akautoa.

"Sema tena, mama," akasema. "Hivyo nitajua."

Mchi ukashuka: M. Ko. No. Wa. Ko. U. Wa. Pi. Manane tena, kisha kimya, na mkono ukaingia na kutoka mzima. Mpunga wote wa siku ile ulitwangwa kwa maneno hayo: Kibibi mwana wa mama, mkono wako u wapi. Machozi ya Mwanajaha yalidondokea kinuni, na chakula cha jioni kilikuwa na chumvi yake.

Wanawake wa nyua za jirani waliyasikia mapigo hayo, wakaanza kutwanga vivyo hivyo, kila mmoja kwa jina la maiti wake. Watunzi wakayachukua kwao, wakayaita mizani. Kinu wakakisahau.

Basi hata leo, mwimbaji wa shairi akifikisha mizani nane, hutua kidogo. Wasikilizaji hudhani anavuta pumzi. Sivyo. Anamngoja Kibibi atoe mkono.