Kizibo cha Ndiva

Sogeeni. Apeni kwanza kwamba hili halitoki hapa. Mmeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa na shoga yangu, na kabla uji wake haujapoa nilikuwa nimeshalimwaga kwa majirani. Basi sikilizeni.

Upareni, kwenye kijiji kimoja cha mlimani, walikuwako mabingwa watatu wa kujua kitakachowamaliza watu.

Senkondo alijua maji. Alisema, "Tutamalizwa na kiu." Akawachimbisha watu ndiva, lile bwawa la kijiji, mpaka kina kikapita urefu wa mtu.

Namkunda alijua maradhi. Alisema, "Kiu? Wewe nawe! Tutamalizwa na kuhara." Akaizungushia ndiva miiba, ng'ombe asikanyage, mtu asichovye kibuyu kichafu.

Kajiru alijua mioyo ya watu, na umbea pia, ndiyo maana nampenda. Alisema, "Mmekosea nyote. Tutamalizana wenyewe." Akawaapisha: atakayefungua kizibo cha ndiva peke yake, moto wa jiko lake utazimwa, naye atafukuzwa mlimani.

Ukame ukaja. Vijito vikakauka, lakini ndiva ilibaki na maji, masafi, na hakuna aliyeiba. Kwa akili ya nani? Ya wote watatu.

Ndipo watu wa bondeni wakapanda kuomba. Kwao visima vimekauka, tumbo la kuhara limeingia, watoto wanazikwa.

"Hapana," akasema Senkondo. "Yaliyobaki yanatosha miche yetu tu. Ikifa, mwakani hapa hakuna mtu."

"Hapana," akasema Namkunda. "Watatuachia ugonjwa."

"Wapeni," akasema Kajiru. "Mkiwanyima watarudi na mapanga."

"Kajiru, wewe hata mkeo unamwogopa!" mtu mmoja akadakia. Watu wakacheka. Wageni wakashuka na vibuyu vitupu.

Asubuhi yake kijiji kikasikia maji yanakimbia. Wakatoka wote mbio.

Wakamkuta Senkondo, tope mpaka viwikoni, kizibo mkononi. Mferejini alipiga magoti Nakijwa, bintiye aliyeolewa bondeni, akimlowanisha mwanawe midomo. Mtoto hamezi.

"Baba, ongeza kidogo," alisema. "Atameza. Ngoja tu, atameza."

Namkunda alimtazama yule mtoto, akajua, akajifunika uso kwa kanga. Humo humo ndani ya kanga akasema, "Senkondo, umetuletea maradhi."

"Ametuletea amani," akasema Kajiru.

"Na miche?" mtu akauliza.

Senkondo, mwenye maji, alimkazia macho mjukuu wake. Na huko chini watu wa bondeni walishaanza kupanda, wengine na vibuyu, wengine na mapanga.

Haya, wanangu. Wote watatu walisema kweli, na maji bado yanatoka. Kizibo mtampa nani kati yao? Na jiko la Senkondo, nani kati yenu atakwenda kulizima? Nawauliza ninyi, maana mimi nimeshindwa.