Mgomba Uliovikwa Shuka ya Mihayo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kicheko akimeze, leo sina mzaha.

Hapo zamani za kale, watu wa nchi moja walichinjana, wakachomeana nyumba. Walionusurika wakakimbia, wakakimbia, wakavuka mto. Wenyeji wakawapa ardhi nzuri, nyeusi. Lakini hawakujenga. Wakalala kwenye vibanda vya majani, mwaka mzima.

Mila iliwafunga. Familia yenye maiti asiyezikwa haikuruhusiwa kusimamisha nguzo ya nyumba mpya. Mwili ukikosekana, ulizikwa mgomba badala yake. Sasa kila familia ilikuwa na mtu aliyepotea vitani, na kumzikia mgomba ni kukubali kwamba amekufa. Nani aanze?

Kabula alimngoja mumewe, Mihayo. Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, na mtoto mchanga, Sayi. Masika yakaingia. Mvua ndo! ndo! ndo! Sayi koho! koho! koho! Kwenye kibanda cha jirani akafa mtoto. Cha pili, akafa mwingine.

Asubuhi moja Bibi Nyamizi akachukua panga, akakata mgomba, akauvika shuka ya Mihayo.

"Mama, unafanya nini?"

"Namzika mwanangu."

Kabula akaukumbatia ule mgomba. "Mume wangu yu hai! Mama, unamuua!"

"Nimemzaa mimi, Kabula. Niachie nimzike mimi."

Kabula akaachia. Siku ile alimchukia yule bibi, jamani, alimchukia kabisa. Bibi akachimba, akafukia, akalia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake jirani akakata mgomba. Kesho kutwa, mwingine. Kata, lia, zika. Kata, lia, zika. Kisha zikasikika nguzo: po! po! po! Paa likaezekwa, Sayi akalala pakavu, kikohozi kikaisha.

Miaka ikapita. Mihayo hakuonekana. Siku moja wakipukuchua mahindi, Kabula akauliza, "Mama, nani alikuletea habari ya kifo chake?"

"Hakuna."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Hata leo sijui. Nilijua mtoto anakohoa."

Kabula akainama, akalia upya, mahindi mkononi. Bibi Nyamizi akaendelea kupukuchua.

Basi, wajukuu, mkilala penye paa, msidhani lilipatikana bure. Kuna mama alimzika mwanawe bila kujua kama amekufa.

Yangu yameishia hapo. Anayetaka kulia, na alie.