Mpigapicha Asiyejali Jua

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, mashemeji na wivu kama sisi, palikuwa na bustani kando ya mto. Kila asubuhi wakazi walitembea humo kupunga upepo. Pimbi hakutembea. Yeye alianika tumbo juu ya jiwe lake, akingoja jua limpashe damu, huku akiwapeleleza wapitaji.

Siku moja akaingia mgeni. Kajifunika vazi la majani toka utosini hadi chini, kisanduku cha kamera kinaning'inia kifuani. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Kuro, mla majani kama wao, mpigapicha wa ndege na wanyama, aliyekwishatembea nchi saba. Vazi lile, alieleza, ni la kazi. Ndege akiona mtu huruka.

Wakazi wakapendezwa. Nani hapendi sura yake? Hata mimi ninayewasimulia nimepigwa picha katika miji mingi ya dunia, kote nimetoka nimefumba macho, na bado nikiona kamera nanyoosha shingo.

Kwale akawa wa kwanza. Akapelekwa nyuma ya vichaka. Ka-cha! Hakurudi. Bwana Kuro akasema amekwenda kuwaonyesha wakwe zake picha.

Pimbi akakuna sikio. Kwale yupi huyo? Yule asiyesemezana na wakwe tangu harusi?

Kesho yake ikawa zamu ya Mama Kanga na vifaranga wake, walioogeshwa wakang'aa. Bwana Kuro akataka watoto waketi peke yao kwenye nyasi ndefu, mama asimame mbali, eti anawatia kivuli.

Kisha Pimbi akaona jambo. Mgeni alirusha jani hewani, akalitazama linaangukia wapi, akasogea, akalirusha tena, mpaka upepo ukawa unamvumia usoni, kama afanyavyo mwindaji asiyetaka kunuswa. Jua nalo lilikuwa linawaka ndani ya kamera, wala hakulijali.

Pimbi akainama, akamnong'oneza Mama Kanga, aliyesimama chini ya jiwe, awaondoe watoto.

"Jirani, huo ni wivu," alijibu Mama Kanga. "Wewe huna shingo ya kupigwa picha."

Pimbi alijua akipiga kelele bila ushahidi watamcheka, na wakimaliza kucheka vifaranga watakuwa wamekwisha. Akalainisha sauti.

"Shikamoo, Bwana Kuro."

"Marahaba, kijana."

"Mbona jua linakupiga usoni? Watoto watatoka weusi kama mkaa. Hamia huku kwangu, jua liwe mgongoni mwako."

Mgeni akasita. "Hapa panatosha."

"Labda mimi ni mshamba," Pimbi akawaambia wakazi. "Mtembea nchi saba hawezi kukosea jua."

Mama Kanga akapandisha mabega. "Bwana Kuro, hawa nimewaosha tangu alfajiri. Weusi hawatoki. Hamia."

Angefanyaje? Mpigapicha anayekataa jua ataulizwa maswali. Akahama polepole hadi kwenye jiwe la Pimbi. Upepo ukapita juu ya vazi la majani, ukashuka, ukaingia puani mwa Digidigi, aliyekuwa kwenye foleni na kilemba chake kipya. Pua ikacheza.

"Zik! Zik! Chui huyo!"

Kererere! Mama Kanga akawakumba watoto kwa mbawa, akawasukumia kwenye kichaka cha miiba. Chui akaruka, miguu ikanaswa na vazi, akaanguka bwaa juu ya kisanduku chake. Kikapasuka. Ndani hamkuwa na kioo wala chochote cha kupigia picha. Mlijaa manyoya ya Kwale.

Chui akamgeukia Pimbi. Pimbi alikwishajipenyeza katika ufa wa jiwe, amebana pumzi, na kucha zinakwaruza karibu na pua yake. Zilikwaruza hadi zikachoka.

"Niambie tu," Chui akahema, "nani alikufundisha kupiga picha?"

"Kamera sijawahi kuishika, mjomba," sauti ikatoka ufani. "Mimi naota jua tu."

Chui akaenda zake akichechemea, nami namwacha aende. Ninyi shikeni hili: mtu hujulikana kwa anachokitazama, si kwa alichokibeba.